Gari Linalokunywa Kuliko Ng'ombe

Jumatano, 12 Julai 1995

Landrova imekwenda sokoni na kurudi, safari ya mtu kumaliza sigara, na imekunywa ndoo nzima ya maji. Ng'ombe wa jirani hunywa kiasi hicho baada ya kushinda malishoni, lakini yeye hutoa maziwa.

Nimechungulia chini ya injini. Pakavu.

Wakati mwingine wowote ningelipuuza. Lakini Jumamosi ya wiki ijayo Veronica, binti yangu wa pekee, anafunga ndoa Maswa na Novatus, kijana wa Binza ya huko huko. Nami nilisimama mbele ya wazee wa pande zote mbili nikatamka kwamba bibi harusi atafika kanisani ndani ya gari la baba yake. Hakuna aliyeniuliza. Nilitamka kwa sababu Ndaki alikuwa amefungua mdomo kutaka kusema jambo.

Ndaki ni mwanyumba wangu. Mimi nimemwoa Specioza, yeye amemwoa mdogo wake, Lukresia. Zamani alipima mafuta ya taa kwa kikopo. Tangu serikali iruhusu watu binafsi kununua pamba, anapima pamba kwa mizani, na nasikia mizani ni mtoto wa kile kikopo. Amepata kofia. Amepata pikapu nyeupe kutoka Dubai, yenye kaseti na kiyoyozi. Akili hajapata, Dubai haziuzwi.

Leo amekuja kunipa pole. Sijui nani alimwambia. Akasema, mzee mwenzangu, pikapu ipo, mtoto asije akaaibika njiani. Nikamjibu kwamba binti yangu si robota la pamba. Specioza akakohoa. Nimeishi na kikohozi hicho muda wa kutosha kujua kiko upande wa nani.

Alhamisi, 13 Julai

Nimetoa kitabu cha gari sandukuni. Nilikipata pamoja na gari lenyewe, siku ushirika ulipopiga mnada mali zake. Waliogombea gari walikuwa wengi. Aliyegombea kitabu nilikuwa mimi peke yangu. Sina cha kuongeza kuhusu mji huu.

Kitabu kinasema, maji yakipotea bila kuacha alama, anza kuyatafuta ndani ya injini. Nimechomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi, haina rangi ya chai ya maziwa. Nimefungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi, nikawasha, nikatazama. Hakuna mapovu. Moshi wa nyuma si mweupe. Basi maji hayaingii kwenye silinda, na gasketi ya silinda hedi ni nzima. Yanatoka nje, mahali ambapo macho yangu hayafiki.

Specioza ameuliza kwa nini nisimwite Luhaga, mwenye gereji karibu na kinu cha pamba. Swali la mtu aliyezaliwa hapa. Mimi ni Mzaramo wa Maneromango. Luhaga ni Msukuma. Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za mababu, na mtani ana ruhusa ya kukudanganya, kukutukana na kuondoka na kuku wako, nawe huna pa kushtaki. Kwetu mtu huwa na mtani mmoja au wawili, hukutana nao msibani, yakaisha. Mimi nililetwa huku kuwa bwana shamba wa pamba mwaka ule wa uhuru, nikaoa, nikazeeka, na kila ninayemsalimia ni mtani. Tangu nifike sijaambiwa neno la kweli juu ya jambo lenye maana. Hata mvua naihakikisha kwa mkono.

Nitajitegemea.

Jumamosi, 15 Julai

Nimepata wazo ambalo halimo hata kitabuni.

Nilichukua buluu ya kufulia ya Specioza, nikaikoroga kwenye maji ya rejeta, nikawasha injini. Maji yanajua kujificha. Rangi haijui. Nikalala chini ya gari juu ya gunia, tochi mkononi, kama daktari anayengoja mgonjwa ajisaliti.

Alijisaliti. Tone la kwanza, la buluu kama wino wa mwalimu, lilichuruzika pale injini inapoungana na giaboksi, likaniangukia kwenye paji la uso. Nimefungua kitabu kwa vidole vya oili. Ubavuni na mgongoni mwa bloku kuna matundu ya duara yaliyozibwa kwa vifuniko vyembamba vya chuma. Cha nyuma kikiliwa na kutu, maji hutokea hapo hapo nilipoona, hukauka juu ya chuma cha moto, na chini hapalowi. Maji ya visima vya huku yana chumvi, yanatoboa hata masufuria. Kila kitu kinalingana.

Nimegundua ugonjwa, mwenyewe, kwa akili na buluu. Nilitamani pawepo hata mtu mmoja wa Maneromango wa kumsimulia. Specioza aliniuliza nani amenipaka usoni, na mashuka ya wageni yatafuliwa na nini.

Ugumu umebaki mmoja. Kukifikia kizibo hicho ni lazima giaboksi ishushwe, na giaboksi ya Landrova haishushwi na mzee na mkewe. Tena mke mwenyewe anakohoa.

Jumatatu, 17 Julai

Nimemwita Luhaga, kwa hila. Sikumwambia nilichogundua. Nilihitaji mikono yake, si maoni yake.

Alisikika kabla hajaonekana, akisalimu kwa Kisukuma. "Mwangaluka, Mzaramo. Bado hujafa? Sisi tumekwisha kugawana koti lako." Nikamwambia asiliguse gari kwa mikono iliyozoea plau, lisije likadhani limegeuzwa maksai. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema sisi Wazaramo gari hulitengeneza kwa kulipigia ngoma. Hadi hapo mambo yalikuwa sawa.

Kisha akaingia chini. Alipotoka hakuwa anacheka. Alifuta mikono taratibu, akasema kwa sauti ya chini kwamba kizibo cha nyuma cha bloku kimeoza. Giaboksi ishushwe, agonge kizibo kipya. Na kwa kuwa ni harusi ya Veronica, kazi ataifanya yeye mwenyewe. Jumatano jioni gari litakuwa zima.

Mtani wangu amekubaliana nami. Tena kwa uso mkavu.

Uso huo naujua. Mwaka juzi alinijia nao akaniambia mkuu wa wilaya ananihitaji haraka. Nilivaa koti. Nilikaa kwenye benchi la bomani mpaka karani akafunga madirisha akaniuliza kama nina pa kulala.

Nimefikiri kutwa nzima, kwa utaratibu. Msukuma hawezi kumwambia Mzaramo ukweli kuhusu gari lake, sembuse wiki ya harusi. Luhaga anasema ni kizibo cha nyuma. Kwa hiyo si kizibo cha nyuma. Kwa hiyo na mimi nilikosea, na ile buluu ilitiririka tu kutoka juu. Na juu kuna nini? Silinda hedi.

Nilimwambia Luhaga nitamwita. Alishangaa. Alishangaa vizuri sana, kama mtu aliyefanya mazoezi.

Jumanne, 18 Julai

Leo nimefanya kazi na Joakim. Huyu ni Muha wa Kasulu, aliyekuwa dereva wa ushirika hadi ushirika ulipobaki jina na geti. Kati yake na mimi hakuna utani wa aina yoyote. Akisema jambo, ni jambo. Kasoro yake ni kwamba hasemi. Ameendesha malori tangu ujana wake na hajawahi kuinua boneti. Kazi hiyo, anasema, ilikuwa ya idara nyingine.

Tumefungua silinda hedi. Boliti zilikataa, Joakim akaning'inia kwenye spana kama nguo kwenye kamba. Hatimaye hedi ikang'oka. Gasketi ilikuwa nzima kabisa, safi kama karatasi ya mtihani ya mwanafunzi mvivu.

Ilikuwa. Imechanika tulipokuwa tunaibandua ili kuhakikisha kwamba ni nzima.

Sasa gari lina ugonjwa ambao halikuwa nao asubuhi.

Luhaga alipita na baiskeli. Sikuona meno yake. Alishuka, akatazama hedi iliyolala juu ya meza ya kulia chakula, akasema, "Shikamoo, namhala." Namhala ndilo neno lao kwa mzee wa kuheshimiwa. Hajawahi kuniita hivyo. Akaenda zake akisukuma baiskeli, kama mtu anayetoka matangani.

Mtu huyu ni hatari kuliko nilivyodhani.

Jumatano, 19 Julai

Gasketi hupatikana Mwanza. Gari linalokwenda Mwanza leo ni moja, nalo ni jeupe na lina kiyoyozi.

Mpango: Joakim aende kwa Ndaki, amwombe amletee gasketi ya Landrova ya misheni ya Lalago. Nimemfundisha maneno yote. Amerudia mbele yangu bila kosa. Misheni. Lalago. Mapadre wamekwama.

Amerudi. Nikamuuliza mambo yamekwendaje. Akasema vizuri, Ndaki amekubali. Nikamuuliza kama Ndaki aliuliza swali lolote. Akasema ndiyo, aliuliza jina la padre. Nikamuuliza, nawe ukasemaje? Akasema hilo hatukuwa tumelifanyia mazoezi, kwa hiyo alisema Mzaramo.

Alhamisi, 20 Julai

Nyumba imejaa wanawake wanaopeta mchele wa harusi. Ndaki alichagua saa hiyo. Aliingia na kofia yake, gasketi mkononi, akatangaza kwamba ametumwa na duka la vipuri la Mwanza kwa Padre Mzaramo wa misheni ya Lalago, na kama misa inasaliwa chini ya gari au juu yake, waumini wangependa kujua. Nyungo zilisimama. Lukresia alicheka hadi mchele ukamwagika. Specioza alificha uso kwenye kanga, na mabega yake hayakuwa ya mtu anayelia.

Kabla ya kuondoka Ndaki akasema pikapu imekwisha kufungwa maua, ikiwa itahitajika. Nikamwambia maua hufungwa hata kwenye majeneza.

Tumerudisha hedi. Injini inawaka. Imekunywa ndoo na nyingine nusu.

Jioni Veronica alikuja akachuchumaa kando ya gurudumu. Akasema, "Baba, mimi nitapanda chochote. Hata tela la ng'ombe. Nataka tufike tu." Nikamwambia binti wa Maneromango hapandi chochote. Akanitazama. Akasema Maneromango hajawahi kuiona.

Ni kweli. Kila mwaka nilipanga. Mwaka mmoja ilikuwa vita, mwingine petroli, mwingine mvua za Dodoma. Nikamwambia barabara ilikuwa mbaya.

Ijumaa, 21 Julai

Ushindi.

Joakim amesema sentensi nzima. Zamani, lori la ushirika likivuja porini, madereva walitia unga kwenye rejeta, unga ukaiva, ukaziba. Nikamuuliza unga gani. Akasema wowote uliokuwepo. Hapo ndipo elimu inapohitajika. Mahindi hayanati vya kutosha. Muhogo unanata. Nimechukua unga wa udaga uliowekwa kwa ajili ya ugali wa wageni, nikamimina kwenye rejeta bila ubahili, nikawasha.

Harufu ya chakula cha mchana ilijaa uani. Tone moja, tone la pili. Kisha kimya. Nimekwenda hadi mtaa wa Somanda na kurudi, na maji hayakupungua hata kwa kijiko.

Nilipita kwa Ndaki makusudi. Nikapiga honi langoni mpaka akatoka na mswaki mdomoni. Nikamwambia maua anaweza kuwapa mbuzi. Nikaondoka kabla hajajibu. Kwenye kona sindano ya joto ilipanda kidogo. Nadhani ni furaha.

Jumamosi, 22 Julai, Binza

Tuliondoka asubuhi. Mbele mimi, na Veronica kiti cha nyuma na shela lake na msimamizi wake. Nyuma yetu pikapu ya Ndaki, ambamo Specioza alichagua kupanda, akasema ni kwa sababu ya mgongo. Nyuma ya pikapu lori la kwaya, Joakim kwenye usukani, na Luhaga amesimama juu akipuliza filimbi.

Tulipopita nusu ya njia nilisikia harufu ya ugali. Nikajisemea wanapika vijiji vya jirani. Sindano ilipanda ikalala upande mwekundu. Kisha boneti ilianza kupwita kama sufuria iliyofunikwa, mfuniko wa rejeta ukaruka, na uji wa udaga, mzito, umeiva vizuri, ukafunika kioo chote. Nilisimamisha gari kwa kukumbuka barabara ilivyokuwa.

Wachungaji walikuja kutazama. Ng'ombe mmoja alilamba bampa, akaridhika.

Luhaga aliruka kutoka kwenye lori. Nilimngoja aseme. Miaka yote hii, hiyo ndiyo ilikuwa siku yake. Badala yake alichuma majani ya kando ya barabara akaanza kufuta kioo.

Ndaki akafungua mlango wa pikapu. Muziki ukatoka, na ubaridi. Naye hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Akasema, "Njoo, mwanangu, padre ana misa nyingine." Watu wote wakamtazama Veronica. Mimi nilitazama uji.

Veronica hakushuka. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba alisema nitafika kwa gari lake. Baba mdogo, una kamba?"

Ndaki alikuwa nayo, ile ya kufungia marobota. Luhaga akaifunga. Msimamizi akahamia kwenye pikapu, na Veronica akaja kukaa mbele, kando yangu, shela limejikusanya magotini kama pamba ya daraja la kwanza.

Ndaki alikwenda polepole, kwa ajili ya kamba. Nilishika usukani wa gari lisilo na injini. Kulikuwa kimya kiasi cha watu kuzungumza bila kupaza sauti. Veronica akaniuliza nyumba yetu ya Maneromango ilikuwa wapi. Nikamwambia: chini ya kanisa la Kilutheri, kushoto, mikorosho mbele, michungwa nyuma, udongo wa kichanga unaotia joto miguuni hata jioni. Akauliza sasa anakaa nani. Nikasema hakuna anayenijua. Akasema, "Mimi nakujua." Akanitengeneza kola.

Kwa miaka mingi nimelalamikia urefu wa barabara ya Maswa. Naondoa malalamiko hayo.

Binza yote ilikuwa imejipanga nje ya kanisa. Veronica alishuka kutoka ndani ya gari langu. Neno langu limetimia. Kwamba mbele yetu palikuwa na pikapu, hilo ni suala la mpangilio wa msafara.

Jumapili, 23 Julai, Binza

Gari liko uani kwa wakwe. Kuku wanalidonoa.

Mjomba wa Novatus, mstaafu aliyefundisha ufundi shuleni, ameingia chini yake baada ya kifungua kinywa bila kuombwa. Ametoka akasema ni kizibo cha nyuma cha bloku, wala hakuna ubishi, unga au gasketi visingesaidia. Nikamuuliza kabila lake, kwa adabu. Mkerewe. Sina utani na Wakerewe. Moyo ukalainika. Kwa hiyo nilikuwa sahihi tangu siku ya buluu! Tukakubaliana kesho asubuhi giaboksi ishushwe. Luhaga akasema atabaki kusaidia, bila malipo, kwa ajili ya Veronica. Nilikuwa karibu kumshukuru.

Wakati wa chakula mjomba akasema ataondoka Jumanne, kwa kuwa ni lazima apite Lalago kuwasalimia wajomba zake. Nikauliza wajomba zake wanatafuta nini Lalago. Akasema ndiko alikozaliwa mama yake.

Nikaweka kijiko chini.

Mama Msukuma. Niliinua macho nikamwona Luhaga ameketi kando yake, wanagawana paja la kuku, wote wawili na nyuso kavu. Mpango huu ni mkubwa kuliko nilivyofikiri, na umefika hadi kisiwani Ukerewe.

Sikuonyesha dalili. Nimemaliza chakula, nimewashukuru wapishi, nimemvuta Joakim nyuma ya ghala. Kesho, kabla hawajaamka, mimi na yeye tutafungua pampu ya maji. Amekubali. Hajui pampu iko upande gani wa injini, lakini si mtani wa mtu.